Papa kapanda feri

Mpe mtoto wa miaka sita karatasi, umwambie ajichore, kisha utazame mkono wake unapofika kwenye boksi la kreyoni. Mara nyingi utaipita hudhurungi na kushika ile ya waridi iliyopauka, kwa kuwa ndiyo aliyosikia ikiitwa "rangi ya ngozi". Anapaka uso mzima, anakuletea, nawe unasema "mashallah, vizuri sana". Hapo watu wawili wamekubaliana kuhusu uso usiokuwepo chumbani.

Wengi wetu tukitaka mtoto ajifahamu tunaanza na maswali: wewe ni nani, kwenu wapi, ukiwa mkubwa utakuwa nani? Atakujibu alivyofundishwa kujibu. Mtoto hujisema vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi na maneno yakiwa ya mtu mwingine: ya papa, ya jini, ya paka wa sokoni Kongowea, hapa Mombasa. Kazi ya mkubwa ni kuandaa vifaa, kutega swali moja au mawili yaliyo sawa, na kuuzuia mkono wake mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Rangi ya mkono wangu

Anza hapa, kwa sababu kosa la ile kreyoni ya waridi linarekebishika asubuhi moja. Kwa watoto sita unahitaji rangi nne tu za maji za shule: nyekundu, manjano, buluu na nyeupe. Nyeusi ifiche. Ongeza trei moja ya mayai ya plastiki (ya karatasi hunyonya rangi yote), njiti za ufagio wa chelewa zilizokatwa urefu wa kidole, vipande vya karatasi nyeupe vya upana wa sentimita 2, na kitambaa kibichi cha kufunika trei, maana kwa joto letu rangi hukauka kabla mtoto hajaamua.

Kila mtoto apewe tundu lake katika trei. Aanze na matone 4 ya manjano, matone 2 ya nyekundu na tone 1 la buluu, akoroge mpaka michirizi iishe. Inatoka hudhurungi ya wastani. Kutoka hapo kila mmoja aende njia yake. Ikielekea kijani, aongeze nyekundu. Ikielekea zambarau, manjano. Ikiwa nyekundu kama tofali, buluu kidogo sana, inayotosha kwenye ncha ya njiti, maana buluu ndiyo rangi inayoharibu kazi za wengi: tone moja likizidi utatumia nusu chupa ya manjano kulifukuza. Anayetaka kukoleza atumie buluu na nyekundu pamoja. Nyeusi huua rangi, ngozi ikaonekana kama masizi ya sufuria. Anayetaka kung'arisha aanze na manjano, nyeupe iwe ya mwisho na kidogo, kwa sababu nyeupe ikitangulia ngozi hugeuka jivu.

Kupima ni kwenye kile kipande cha karatasi. Apake, asubiri kama dakika tano kikauke, ndipo akiweke juu ya mkono. Rangi mbichi hudanganya, hubadilika ikikauka, na mtoto asiyelijua hilo atahangaika na tundu lake saa nzima. Mwambie pia alinganishe mgongo wa mkono, kiganja na kisugudi. Atakuta rangi tatu katika mkono mmoja, na hapo mazungumzo huanza bila wewe kuyaanzisha. Ukishapata mchanganyiko unaofaa kwa matone, uongeze kwa vijiko vya chai kwa uwiano uleule ili utoshe picha nzima.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote katika zoezi hili: kila mtoto aipe rangi yake jina, na jina litoke jikoni au barabarani. Utasikia tende, kahawa chungu, ukwaju, halua, hamri lililoungua kidogo, mchanga wa Nyali ukiwa umeloa. Andika jina hilo nyuma ya kipande, na kipande kikae kwenye bahasha yake mwaka mzima. Sharti ni moja na lisilegezwe: unaipa jina rangi yako, huipi ya mwenzako. Ukiruhusu wapeane majina, kabla ya dakika kumi umeanzisha matusi yaleyale ya mtaani, na yule mweusi zaidi na yule mweupe zaidi wataibeba siku hiyo miaka mingi.

Baada ya rangi ndipo kioo. Kioo kimoja kidogo kwa watoto wawili, kingo zimezungushwa utepe, dakika kumi kila mmoja. Kwa aliye chini ya miaka saba usiseme lolote kuhusu vipimo. Wa miaka mitatu au minne akichora kichwa chenye miguu bila kiwiliwili, hajakosea. Watoto wa umri huo huchora mtu hivyo, na kiwiliwili kitakuja chenyewe. Kuanzia miaka tisa mtoto hujiona hawezi kuchora kwa sababu anaanza kulinganisha picha na kitu chenyewe. Huyo msaidie kwa kipimo kimoja: aweke kidole kwenye utosi na kingine kidevuni, atazame kiooni macho yako wapi. Yako katikati. Karibu kila mtu huyachora juu mno, karibu na nywele.

Kabla ya hayo yote, zungumza na wazazi. Mombasa ina nyumba nyingi ambazo kuchora kiumbe chenye roho hakupendwi, na mtoto asitiwe katikati ya mwalimu na baba yake. Hasara haipo. Mtoto huyo azungushe kalamu kwenye kiganja chake, ajaze ndani kwa ile rangi aliyoichanganya, kisha achore maua ya hina juu yake. Au achore mlango wa kwao. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale inajulikana, lakini mlango wa mabati wa Bangladesh kule Mikindani una kutu yake, kufuli lake na alama ya kamba ya mbuzi, na unamsema mwenye nyumba vilevile.

Usiwape kazi ya "mti wa ukoo". Darasani mwako yupo anayelelewa na nyanya, yupo asiyemjua baba, na yupo aliyehamishwa mara tatu. Waambie wachore watu wanaolala nyumbani kwao usiku, na nani hulala karibu na nani. Hapo hakuna tundu tupu la kumwaibisha mtu. Na kabila lisiwe vazi la maonyesho. Mtoto wa Kiduruma hakuja shuleni kuwakilisha Waduruma. Akitaka kuleta neno au wimbo wa kwao ataleta mwenyewe akishaona la mwenzake limepokewa vizuri.

Hadithi kwa maneno yake

Njia hii ilijulikana sana kupitia Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago aliyefariki mwaka 2019. Mtoto anasema hadithi, mkubwa anaiandika neno kwa neno, kisha siku hiyohiyo wenzake wanaiigiza. Haihitaji ila daftari, kalamu na mkeka.

Keti na mtoto mmoja, wengine wakiwa na kazi zao karibu, na wakisikiliza waache wasikilize. Ukurasa mmoja wa daftari, basi, na ukijaa utamwambia itaendelea kesho. Bila mpaka huo mmoja atakula asubuhi nzima na wenzake watachoka. Andika huku ukitamka kila neno unaloliandika, ili aone sauti yake ikigeuka wino na apate kukusimamisha ukikosea. Ukimaliza msomee, umuulize kama ndivyo. Dakika tatu mpaka tano zinatosha, na kwa siku usichukue zaidi ya hadithi tatu. Bandika ukutani orodha ya wanaongoja zamu.

Tuseme mtoto kakupa hii:

"Papa kapanda feri. Kakaa na watu. Akamuuliza mama mmoja, wenda wapi? Nenda Likoni. Papa akalia. Basi."

Mkubwa mwenye nia njema huandika hivi: "Siku moja, papa mkubwa alipanda kivuko. Alimuuliza mwanamke mmoja, 'Unaenda wapi?'" Sarufi imenyooka na mtoto ameondoka. "Kapanda" na "wenda" ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, cha nyumbani kwao, lugha anayoletewa chai asubuhi. Akisema mato, kuteka, ndoo, andika mato, kuteka, ndoo. Macho, kucheka na njoo atakutana nazo kwenye somo la Kiswahili, na hapo zina haki yake. Likiingia neno la Kigiriama au la Kidigo, liandike kama lilivyotamkwa. Ukilisahihisha, kesho atakuletea hadithi ya kitabuni, safi, isiyo na mtu ndani.

Kosa la pili ni maswali. Papa anaweza kupanda feri kweli? Kwa nini alilia? Mtoto husoma usoni mwako jibu unalolitaka na kukupa hilo. Swali linalofaa ni moja, "Kisha?", na akisema "basi", imekwisha. Kwa nini papa alilia, huenda ukalijua wiki tatu baadaye papa akirudi, maana wahusika wa watoto hurudi. Huenda usijue.

Jioni, au kabla ya kwenda nyumbani, tandika mkeka. Mkeka ndio jukwaa, wote huketi kuuzunguka, na hakuna anayeukanyaga bila kuitwa. Mwenye hadithi achague anataka kuwa nani. Nafasi nyingine zote zigawe kwa mpangilio wa kuketi, mmoja baada ya mwingine. Usimwachie mwenye hadithi kuchagua waigizaji: watoto wanne wanaopendwa ndio watakaocheza kila siku, na kimya cha wengine kitakuwa kazi ya mikono yako. Anayepewa nafasi asiyoitaka aseme "nipite", na zamu iende kwa anayefuata. Wewe soma polepole, usimame baada ya kila sentensi. Hakuna mazoezi wala mavazi.

Hadithi ya papa ukiiigiza utaona kazi ilivyo. Lazima mtu awe feri. Wawili hukaa wakinyoosha miguu mbele kuwa ule mlango unaoshuka, mmoja anapiga honi, na watu wanane wanajibana katikati ya mkeka kama saa kumi na moja jioni. Papa anaingia. Kila mtoto aliyevuka Likoni anajua mwili unavyosimama pale, na mwenye hadithi anaona jambo lililokuwa kichwani mwake peke yake limekuwa la watu wote kwa dakika mbili.

Mambo yanayoharibika yanajulikana. Mapigano: weka sheria kwamba kwenye mkeka kupigana ni kwa ishara, hakuna mkono unaomgusa mtu. Kuigana: wiki ya kwanza wavulana sita watakuletea jitu lilelile la kwenye televisheni. Andika yote sita bila kunung'unika. Kuigana ni namna ya kujifunza kazi, na ukitazama kwa makini utaona jitu la huyu lina mdogo wake na la yule linaogopa mbwa. Mtoto asiyesema: usimlazimishe wala usimruke. Zamu yake ikifika mpe kalamu achore, na akisema neno moja tu, "Paka", hiyo ni hadithi. Isome, mtu atoke awe paka, wenzake wapige makofi kama walivyozipigia nyingine.

Paukwa, na mji wa kupewa

Kufungua kikao tuna ufunguo wetu. Paukwa! Pakawa! Sahani! Ya mchele. Giza! La mwizi. Na kiboko je? Cha mtoto mkorofi. Watoto wakishaushika, wape mwito wasioujua na wao watafute jibu: Tuktuk! Feri! Jua! Kila mtoto na jibu lake, bila kusahihishwa. Mara nyingi wa kwanza kubadilisha huwa kile kiboko, na sioni ubaya wowote.

Vitendawili vina hazina nyingine tunayoiacha. Msikilizaji akishindwa husema "nakupa mji", na mtegaji huuchukua kabla ya kufumbua. Usimwache auchukue kwa haraka. Apewe Lamu, Voi au Kisumu, na kabla ya kutoa jibu atueleze vitu vitatu alivyokuta huko: kimoja cha kula, kimoja cha kusikia, kimoja cha kunusa. Asiyewahi kufika Voi ndiye anayesafiri vizuri zaidi. Kisha kila mtoto atunge kitendawili cha kitu kimoja kilicho kwao tu na si kwa jirani. Wadogo hutaja jibu ndani ya swali. Wakumbushe kuangalia kitu kinafanya nini, wasilitaje jina lake.

Leso yangu

Leso, yaani kanga, imeshatupangia ukurasa: pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani yale maandishi. Kwenye karatasi ya A3 iliyolazwa, pindo liwe sentimita 5 kila upande, na jina likae kwenye kisanduku cha kimo cha sentimita 4 chini ya mji. Urefu uliobaki kwa jina ni sentimita 32. Hapa ndipo wengi hukwama: mtoto anaanza kwa herufi kubwa, akifika mwisho zinabanana au zinapanda pindo. Basi kwanza ahesabu herufi pamoja na nafasi. "NYANYA HAJALALA" ni 15, hivyo kila moja ipate sentimita 2, na apige vistari kwa penseli kabla ya wino.

Jina lenyewe lisiwe methali aliyoikariri wala msemo wa leso ya mama yake. Liwe neno linalosemwa kwao kila siku hadi hawalisikii tena. Mpe kazi ya nyumbani: asikilize jioni moja, alete sentensi tatu, achague moja. Usicheke hata akileta "nani kamaliza chaji". Ndiyo leso ya nyumba yake.

Kwa pindo, muhuri bora uko sokoni. Bamia iliyokomaa, ngumu, ikikatwa kwa upana karibu na kikonyo hutoa nyota yenye pembe tano au zaidi. Ilaze kifudifudi kwenye kitambaa dakika kumi kwanza, kwa sababu ute wake huifanya rangi iteleze na nyota kugeuka doa. Paka rangi kwa kipande cha sponji. Ukichovya, matundu huziba. Bamia moja hutoa alama kama ishirini kabla ya kulegea, kisha katia mbele kidogo upate uso mpya. Kwa umbo la korosho tumia kiazi kilichokatwa nusu, uchonge kina cha nusu sentimita, kisu kishikwe na mkubwa, nacho kikaushwe hivyohivyo maana maji yake huipunguza rangi nguvu. Akitaka herufi kwenye kiazi, ajue zitatoka kinyume. A, H, M, O, T na U hazidhuriki; S na N zitamliza.

Barakoa za karatasi ni nzuri pia, ila si wakati wa masika. Gundi yake ni kikombe 1 cha unga wa ngano kilichokorogwa na kikombe 1 cha maji baridi, kikamiminwa kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka na kukorogwa dakika tatu. Magazeti yachanwe kwa mkono, upana wa sentimita 3, tabaka nne juu ya bakuli lililopakwa mafuta ya mgando, mbili leo na mbili kesho. Likauke kivulini penye upepo. Juani huanza kukauka juu likajikunja. Chumvi kijiko kimoja huzuia ukungu, lakini ikizidi huvuta unyevu wa bahari na barakoa haikauki kamwe.

Mtoto akimaliza chochote kati ya hivi, mwambie "nisomee picha yako". Au taja unachokiona: hapa umepaka buluu mara mbili. "Nzuri sana" hufunga mdomo wake. Wala usiigeuze picha kuwa uchunguzi wa daktari. Ukurasa mweusi wote mara nyingi maana yake ni kwamba chupa nyeusi ilikuwa karibu. Lakini jambo likijirudia katika hadithi na michoro, au mtoto akisema waziwazi anaumizwa, usimhoji mbele ya wenzake, hadithi hiyo isiigizwe, na piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Jina na tarehe huandikwa nyuma ya kazi. Maneno aliyokusimulia yaandike kwenye kipande cha pembeni, usiyaandike juu ya mchoro wake. Hifadhi kwenye boksi la katoni lenye matundu, juu ya kabati. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na chochote chenye gundi ya unga kikiachwa sakafuni, mende watakuwa wamekisoma kabla ya mzazi.